Usalama wa mashine za useremala Pemba

Usalama wa mashine za useremala ni utaratibu wa kuwakinga mafundi na wanagenzi wao na ajali za karakanani. Kisiwani Pemba unahusu hasa msumeno wa duara na randa ya umeme.

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Umeme ukikatika, swichi izimwe mara moja. Isipozimwa, mashine huweza kuanza yenyewe umeme unaporudi, pengine mkono ukiwa karibu na meno.

Ubao ukiyabana meno ya nyuma ya msumeno wa duara, hurushwa kwa nguvu kumwelekea fundi. Kwa hiyo fundi husimama kando ya mstari wa msumeno, na ncha ya ubao huisukuma kwa kijiti, si kwa vidole. Glavu, ambazo wengi hudhani ni kinga, huweza kunaswa na kuvuta mkono. Hali kadhalika mikono mipana ya nguo.

Useremala hufundishwa katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, wilaya ya Chake Chake. Hata hivyo mafundi wengi hujifunza kwa kumtazama fundi mkuu, na hapo makosa yake nayo huigwa, kama vile kuondoa kifuniko cha msumeno ili kazi iende haraka.