Kutoka Kiwandani hadi Gereji: Historia ya Rangi ya Kromati katika Ndege Zinazojengwa Nyumbani

Historia ya ndege za metali huelezwa kwa kawaida kama historia ya nguvu na wepesi. Jitihada za kuzuia metali hiyo isiliwe na unyevu na chumvi hutajwa kwa nadra, ingawa ndizo zilizoamua ndege ingedumu kwa muda gani. Makala haya yanadai kwamba rangi ya msingi yenye kromati, iliyoenea kwa mahitaji ya jeshi, ilirithiwa na wajenzi wa ndege za nyumbani bila kinga za kiwandani zilizostahili kuandamana nayo.

Chanzo cha tatizo ni duralumini. Mwaka 1906, Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba kidogo, ikipashwa moto na kupozwa ghafla, huzidi kuwa ngumu kwa kuachwa tu siku chache. Shaba hiyo iliyoipa nguvu ndiyo iliyoipa udhaifu pia. Ulikaji ulipenya baina ya chembe za metali, bati likabaki na sura njema ilhali limekwisha kuwa rahisi kuvunjika. Henry S. Rawdon wa Bureau of Standards, Marekani, aliieleza hali hiyo katika ripoti za mwaka 1928. Ndege za kutua majini ziliathirika zaidi. Si ajabu kwamba tiba ya mapema ilitoka Uingereza, taifa lililozitegemea sana ndege hizo. Mwaka 1923 Bengough na Stuart walisajili njia ya kunenepesha ngozi ya oksidi kwa umeme ndani ya asidi ya kromiki. Mwaka 1927 E. H. Dix wa kampuni ya Alcoa alitangaza Alclad, yaani bati la aloi lililovikwa alumini safi pande zote mbili.

Hata hivyo, bati la Alclad likikatwa au kutobolewa, kingo na matundu ya ribiti hubaki wazi. Hapo ndipo rangi ya zinki kromati ilipopata nafasi yake katika miaka ya 1930. Rangi hiyo si pazia tu. Unyevu ukiingia penye mkwaruzo, kiasi kidogo cha kromati huyeyuka na kuikinga metali iliyofunuliwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, rangi yake ya manjano na kijani ilienea ndani ya ndege za Marekani.

Chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa Wisconsin mwaka 1953. Ndege nyingi za wanachama wake wa mwanzo zilikuwa za mabomba ya chuma, mbao na kitambaa. Alumini ilienea baadaye, hasa baada ya Richard VanGrunsven kuanzisha Van's Aircraft mwaka 1973 na kuuza vifurushi vya sehemu za kuunganishwa nyumbani. Pamoja na bati, wajenzi walichukua desturi za jeshi, na wengi walipuliza kromati ndani ya gereji zilizoungana na nyumba zao.

Madhara yake hayakuwa siri. Utafiti wa Machle na Gregorius wa mwaka 1948 ulikuwa umehusisha viwanda vya kromati vya Marekani na saratani ya mapafu. Mwaka 2006 mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo ilishusha kiwango cha juu cha kromiamu ya aina hii hewani hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Lakini sheria hiyo humlinda mwajiriwa, na anayejijengea ndege hana mwajiri. Umoja wa Ulaya ulishika njia nyingine, ukailenga dutu yenyewe badala ya mahali pa kazi: tangu Januari 2019, strontiamu kromati haitumiki huko bila kibali maalumu. Kwa mjenzi wa gereji, tofauti hiyo ya kisheria ina uzito kuliko kiwango chochote cha mikrogramu.

Wajenzi wengi sasa hutumia rangi za epoksi zisizo na kromati. Wengine huacha Alclad tupu, wakipaka kingo na maungio tu, kwa hoja kwamba rangi huongeza uzito na kwamba ndege hulala ndani ya banda kavu. Hoja hiyo ina mashiko bara. Pwani, penye hewa ya chumvi, haina.