Detroit: mji uliopewa jina la siri 'Usiku wa Manane'

Ukitaja Detroit, vijana wengi wanawaza magari na Eminem. Lakini kabla ya viwanda vya magari, mji huu ulikuwa na kazi nyingine kabisa: kuvusha watu waliotoroka utumwa. Kwenye njia za siri walizopita watoro, Detroit iliitwa 'Usiku wa Manane'.

Kwanini Detroit? Cheki ramani. Ng'ambo ya mto ni Kanada, na pale katikati ya mji mto haufiki hata kilomita moja. Kufika Detroit tu haikutosha, maana sheria ya Marekani ya 1793 ilimruhusu mwenye mtumwa kumfuata mpaka huko na kumrudisha. Usalama ulikuwa ng'ambo.

Thornton Blackburn na mkewe Lucie walitoroka Kentucky mwaka 1831, wakaanza maisha Detroit. Miaka miwili baadaye wakadakwa. Jumapili moja ya Juni 1833, akina mama wawili weusi wakaenda jela kumuona Lucie. Mmoja wao, Caroline French, akabadilishana naye nguo akabaki yeye ndani. Lucie akatoka mlangoni kama mgeni tu, akavushwa mto! Kesho yake umati ukawavamia walinzi nje ya jela, Thornton naye akavuka.

Marekani ikawataka warudishwe, Kanada ikagoma. Unaambiwa Thornton ndiye aliyekuja kuanzisha teksi ya kwanza Toronto, ya kukokotwa na farasi.

Ila waliobaki Detroit ndio walioumia. Watu weusi wengi walikamatwa, na mweusi akitembea usiku ilibidi abebe taa. Wengine wakahamia Kanada moja kwa moja.

Pamoja na hayo kazi haikusimama. Mwaka 1836 watu 13 waliowahi kuwa watumwa wakaanzisha kanisa la Second Baptist, ambalo inaelezwa lilisaidia watoro kama 5,000. Hata sheria kali ya 1850, yenye faini ya hadi dola 1,000 na jela miezi 6 kwa anayemsaidia mtoro, haikuwazuia.

Thornton na Lucie tunawajua kwa majina. Lakini aliyepiga kasia usiku ule, aliyeficha mtu ghalani, aliyepika chakula cha watu asiowajua, wengi wao hawakuandikwa popote. Na bila wao hakuna ambaye angevuka.

Ungekuwa Detroit enzi hizo, mlango ukagongwa saa sita usiku, ungefungua?