Data ya wateja inavyohamishwa hadi seva za mtandao

MALI bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Kwa biashara nyingi ndogo, zahanati na vyama vya akiba na mikopo, daftari hilo ni faili moja iliyohifadhiwa katika tarakilishi moja ya ofisini, aghalabu kwa programu ya Microsoft Access iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1992. Tarakilishi hiyo ikiibwa au diski yake ikiharibika, majina, nambari za simu na madeni ya wateja huenda yakatoweka kwa siku moja.

Faili ya Access haiwezi kuzidi gigabaiti 2. Isitoshe, kila tarakilishi iliyounganishwa huifungua faili yenyewe, na mawasiliano yakikatika mtu akiwa angali anaandika, faili nzima yaweza kuharibika. Seva ya hifadhidata kama vile MySQL, PostgreSQL au SQL Server hufanya kazi kwa njia tofauti. Mtumiaji haigusi faili, bali hutuma ombi kwa lugha ya SQL, nayo seva hulitekeleza na kurejesha jibu. Kwa mpangilio ufaao, shughuli iliyokatizwa njiani hufutwa yote, hivi kwamba fedha haziwezi kuondolewa katika akaunti moja bila kuingizwa katika nyingine.

Hata hivyo, data huweza kupotea katika safari yenyewe ya kuhama, tena bila mtu kujua. Mfano mmoja ulishuhudiwa nchini Uingereza mwaka wa 2020. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 waliothibitishwa kuwa na virusi vya corona walikosekana katika takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo hazipokei zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliotangamana nao ilichelewa.

Kasoro nyingine ni ndogo kwa umbo ila kubwa kwa athari. Tarehe 03/04/2005 husomwa Aprili 3 nchini Kenya, lakini mfumo uliopangwa Kimarekani huisoma Machi 4. Nambari ya simu ikihifadhiwa kama tarakimu za hesabu, sufuri ya mwanzo hupotea. Access huandika "ndiyo" kama -1, ilhali mifumo mingine hutumia 1. Nayo majina yenye king'ong'o, mathalan Ng'ang'a au Ng'eno, huweza kukatizwa yasipotayarishwa vyema, kwa kuwa alama hiyo katika SQL huashiria mwisho wa maandishi.

Kwa sababu hizi, kazi huanza kwa kusafisha daftari la zamani: mteja aliyeandikwa mara mbili kwa tahajia tofauti huunganishwa kuwa mmoja. Kisha nakala ya faili huwekwa mahali pengine palipo salama, na uhamisho hufanyiwa majaribio kabla ya siku yenyewe. Siku hiyo uandikaji katika mfumo wa zamani husimamishwa, la sivyo ofisi itakuwa na madaftari mawili yanayopingana.

Baada ya kuhamisha, hesabu hufanywa pande zote mbili. Idadi ya wateja sharti ilingane, jumla ya salio ilingane hadi senti ya mwisho, na rekodi kadhaa zilinganishwe moja kwa moja kwa macho. Mpaka hapo, faili ya zamani huhifadhiwa kwa kusomwa tu.

Suala la sheria pia halikwepeki. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, biashara inayoamua jinsi data ya wateja itakavyotumiwa hubeba wajibu wa kuilinda hata ikiwa imekodi seva ya kampuni nyingine. Seva ikiwa nje ya Kenya, lazima kuwe na ithibati ya ulinzi ufaao. Data ikidukuliwa na kuwepo hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Data hufahamishwa katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho cha chini.

Hatimaye, tarakilishi ya zamani haifai kuuzwa kabla ya diski yake kufutwa kabisa. Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwani huweza kufufuliwa, na siri za wateja zikaangukia mikononi mwa mnunuzi.