Mwaka 1863 na Mji wa Dar es Salaam

Sheria ya Mambo ya Kale iliyotungwa mwaka 1964 iliweka mpaka mwepesi kukumbukwa: jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863 ni ukumbusho wa kale, nalo hulindwa pasipo kuombewa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Kaole yaliingia ndani ya ua huo. Mji wa Dar es Salaam ulibaki nje ya mlango. Seyyid Majid bin Said aliujenga kando ya kijiji cha Mzizima katikati ya miaka ya 1860, na Boma la Kale, lenye kuta za mawe ya matumbawe, lilisimama mwaka 1867 hivi. Miaka michache tu imelitenga na ulinzi wa wenzake.

Sheria haikukosa huruma, maana Waziri aliachiwa uwezo wa kulitangaza jengo la baadaye kuwa ukumbusho. Lakini tangazo lahitaji mwombaji, na mwombaji ahitaji ushahidi. Jumba la mawe hujiombea lenyewe kwa sura yake. Je, Kariakoo itaombewa na nani?

Jina hilo ndilo salio lake la kwanza. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile. Nyumba za miti na udongo, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zilizokuja kuwa makao ya wenyeji, zimekuwa zikibomolewa ili maghorofa yasimame. Hata soko alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021.

Hatusemi maghorofa yasijengwe, kwani watu wahitaji makao na maduka. Twasema mtafiti amtangulie mchimba msingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu mwaka 1985. Wanafunzi wake waweza kupima vyumba, kuokota vigae na kuwauliza wazee kabla ya shimo kuchimbwa. Si kila nyumba yaweza kuokolewa, lakini kila nyumba yaweza kuandikwa. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kariakoo ni mali, na daftari lake bado ni jeupe mno.