Ndizi na Mgeni katika Nchi ya Karagwe

Kumwalika mgeni aje Karagwe aione nchi, ale matunda yake na arudi kwao akisimulia si jambo lililozushwa na maofisa wa utalii wa zama hizi. Nchi hiyo ya vilima na mabonde, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa katika wilaya mbili, Karagwe yenye makao yake Kayanga, na Kyerwa iliyo upande wa mipaka ya Rwanda na Uganda, ilijulikana kwa ukarimu kabla ya kuwapo barabara, hoteli au tangazo la gazeti. Kwa hiyo fikra ya tamasha la matunda, litakalowakutanisha wakulima wa wilaya hizo na wageni wao ili kilimo kipate taadhima na utalii wa vijijini upate mlango, yastahili kupimwa kwa historia ya mahali penyewe. Na historia ya matunda katika nchi hii ni, kwa sehemu kubwa kabisa, historia ya ndizi.

Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakiwa na msafara ambao miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, walifika Bweranyange, makao ya enzi ya ukoo wa Wahinda, wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Hawakuwa wageni wa kwanza. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka Tabora walikuwa wamekwisha kuizoea njia hiyo, na kituo chao cha Kafuro kilikuwa karibu na ikulu. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba hata hakuweza kutembea, alibaki chini ya himaya ya mfalme hadi mwezi wa Aprili, akilishwa na kuuguzwa. Katika maandishi ya wote wawili Rumanyika anatajwa kwa shukrani ambazo hawakuwapa watawala wengi waliokutana nao njiani.

Hata hivyo, asomaye habari hizo kwa makini ataona kwamba kilichotukuzwa katika ikulu ile kilikuwa ng'ombe na maziwa yake. Wahinda walihesabu utajiri kwa mifugo. Miongoni mwa vitu vya enzi vya Bweranyange zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Na wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa hadi wakanenepa kupita kiasi, jambo lililomshangaza Speke hata akathubutu kumpima mmoja wao, tendo ambalo mgeni mwenye adabu asingelifanya katika nyumba iliyomkaribisha. Migomba ilikuwapo, tena kwa wingi katika sehemu za bondeni, na pombe ya ndizi ilinywewa. Lakini mgomba ulikuwa mali ya mwenye jembe, na mwenye jembe hakupewa nafasi kubwa katika vitabu vya wasafiri.

Mapema mwaka 1876 alikuja Henry Morton Stanley, naye akashuhudia jambo ambalo, kwa maoni yangu, linafaa kuitwa tamasha. Mashua yake iitwayo Lady Alice ilibebwa hadi kwenye ziwa lililo chini ya vilima vya ikulu, ikashindanishwa na mitumbwi ya wenyeji, na Rumanyika akakaa kutazama pamoja na umati wa watu wake waliofurika kando ya maji. Baadaye mfalme alimruhusu kwenda kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo wilayani Kyerwa, akawakuta huko wagonjwa waliokuja kuoga kwa kutumaini kupona. Hapa basi mna mambo yote ambayo watengenezaji wa utalii wanayatafuta leo: mwenyeji mwenye heshima, mchezo, umati, na mahali pa ajabu pa kutembelea. Lililokosekana ni kumtambua aliyewalisha wote hao.

Mambo yaligeuka kwa msiba. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliingia katika nchi za maziwa makuu ikafyeka ng'ombe, na nguvu ya Wahinda, ambayo ilikuwa imekwisha kudhoofishwa na ugomvi wa urithi baada ya kufa Rumanyika, haikurudi tena ilivyokuwa. Wajerumani wakaitawala nchi, na baada yao wakaja Waingereza katika mwaka 1916. Vichaka vikasonga mbele na mbung'o wakafuata vichaka, hata malisho mengi ya zamani yakawa hayakaliki. Ilikuwa katika kuikomboa ardhi hiyo, kazi iliyofanywa na Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, na baadaye pia na wahamiaji waliotoka nchi jirani ya Buhaya kwenye uhaba wa ardhi na wengine waliovuka mpaka, ndipo mgomba ulipopanda kutoka bondeni ukashika vilima, na nchi iliyosifiwa kwa maziwa ikawa nchi ya ndizi. Marehemu Israel Katoke, mwanahistoria mzaliwa wa Karagwe aliyeandika juu ya ufalme huo kitabu kilichotoka mwaka 1975, aliwarudishia Wanyambo habari za wafalme wao. Habari za migomba yao bado zinamngojea mwandishi wa kadiri yake.

Mwandishi huyo itampasa kuanza na kibanja. Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba pande zote, na nyumba husitirika ndani yake hata apitaye njiani huona moshi kabla ya kuona paa. Juu kabisa ni majani ya migomba. Chini yake ni mibuni. Chini ya mibuni ni maharage, magimbi na mboga, na kila kimoja huchukua mwanga ule uliosazwa na mwenziwe. Humo ndimo walimozikwa wazee, na kwa sababu hiyo kukiuza kibanja cha ukoo ni jambo zito. Udongo wa vilima hivi, ambavyo kwa sehemu kubwa vina mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, si wa neema kama wadhanivyo wanaopita kwa gari wakaona kijani kibichi mwaka mzima. Rutuba ya kibanja imetengenezwa kwa mikono: samadi iliyobebwa kutoka zizini, majivu na taka za jikoni, na nyasi zilizokatwa katika mbuga ya wazi, iitwayo rweya, zikatandazwa chini ya migomba msimu baada ya msimu. Ng'ombe wa ufalme hakutoweka kabisa, basi. Aliacha kuwa taji la wakubwa akawa mtumishi wa mgomba.

Mtazame mama mmoja wa Nkwenda au wa Nyaishozi akiingia kibanjani asubuhi na kisu mkononi. Hapiti ovyo. Katika kila shina huacha migomba mitatu tu, mama mwenye mkungu, mtoto anayefuata, na mjukuu anayechungulia ardhini, na machipukizi mengine huyang'oa ili yasigombanie chakula. Majani makavu huyakata na kuyalaza chini. Mgomba ulioelemewa huuegemeza kwa mti wenye panda. Ukimwuliza, atakutajia majina ya ndizi zake kama atajavyo majina ya watoto wake: enshakara, enyoya, entobe na enchoncho za kupika, enkonjwa za kuchoma, na embiire ambazo ni za pombe na hazina kazi sufuriani. Zile za kupika ni za jamii ya ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Asili ya mgomba ni Asia ya Kusini Mashariki, lakini aina hizi zimechaguliwa na kuzidishwa na wakulima wa nchi za maziwa makuu kwa karne nyingi, hata wataalamu wa mimea huzihesabu nchi hizi kuwa maskani ya pili ya ndizi ulimwenguni. Elimu hiyo haikuwekwa katika maktaba. Imo katika mikono ya kina mama hao, na mama mmoja akifariki bila kumrithisha mkwewe au bintiye, hupotea naye sehemu ambayo hakuna chuo kinachoweza kuirejesha.

Kuna na elimu ya orubisi, yaani pombe ya ndizi, ambayo ni ya wanaume. Ndizi zilizokomaa hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto, zikae humo siku kadhaa hadi ziive zote kwa pamoja. Kisha humenywa na kutiwa katika chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, zikachanganywa na nyasi, na mwanamume aliyenawa miguu huingia akazikanyaga, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, hadi nyasi zinapotoa maji matamu yaitwayo omuramba. Hapo watoto hukusanyika na vikombe, maana omuramba bado haujawa kileo na kila mtu ana haki ya kuonja. Kinachosalia hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kikafunikwa kwa majani kichachuke, na baada ya siku moja au mbili hunywewa katika kibuyu kwa mrija. Posa hazikukamilika bila orubisi, wala wazee hawakuketi kuamua shauri bila kibuyu kuwa katikati yao. Na mgeni asiyekunywa hupewa kahawa: buni zilizochemshwa kwa majani ya viungo zikakaushwa, ambazo hutafunwa kavu, desturi ambayo wasafiri wa 1861 waliikuta na ambayo ingalipo.

Kizazi cha sasa kimeuona mgomba ukihatarishwa. Fukusi na minyoo ya ardhini, pamoja na kupungua kwa samadi, vilidhoofisha vibanja katika mkoa wa Kagera hata mwaka 1997 mpango wa maendeleo wa mkoa, uliosaidiwa na Ubelgiji, ukaanza kuleta miche iliyokuzwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leuven, ikiwa ni aina ngeni zenye mikungu mikubwa na uvumilivu wa maradhi. Wakulima waliipokea, wakaionja, wakaitumia zaidi kwa kuuza na kwa pombe, na kwa chakula cha nyumbani wengi wakaendelea kupendelea ndizi zao za asili. Kisha mwaka 2006 ukaingia mkoani mnyauko uliokuwa umeonekana Uganda mwaka 2001, ambao wenyeji wauita unyanjano. Majani hugeuka manjano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizipasua utazikuta zimeoza kwa rangi ya kutu. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Hauna dawa. Nyumba zilizokuwa zikila ndizi kila siku zikaanza kununua unga, na kwa Mnyambo hiyo ilikuwa fedheha pamoja na njaa. Wokovu ulitoka katika nidhamu: kuvunja kwa kijiti chenye panda lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, ili wadudu wasibebe maradhi, kukata shina lililougua, na kukipitisha kisu motoni kabla ya kuuendea mgomba mwingine. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kimebeba sehemu ya mafunzo hayo.

Naamini kwamba tamasha la matunda katika Karagwe na Kyerwa litakuwa na maana endapo tu litamweka mkulima huyu mahali alipokuwa ameketi Rumanyika. Maonyesho ya Nanenane katika uwanja wa Kyakairabwa, Bukoba, yana faida yake, lakini mkungu uliokatwa na kuwekwa juu ya meza humwonyesha mtazamaji ukubwa peke yake. Mgeni apelekwe kibanjani. Aoneshwe mama, mtoto na mjukuu wa shina moja; asikie majina ya ndizi kutoka kwa anayezijua; aingie katika chombo cha mti akanyage ndizi za omuramba akipenda; ale ndizi zilizopikwa pamoja na maharage na kufunikwa kwa jani, mezani kwa aliyezilima, na amlipe yeye. Mwaka 2019 serikali ilizipandisha hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa kuwa hifadhi za taifa. Watalii watakaokuja kuona wanyama watavipita vijiji hivi kwa lazima, na ingekuwa dhuluma wavipite vioo vimefungwa. Miezi ya Julai na Agosti ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa njia huwa kavu na kahawa huwa imeanikwa nyuani.

Lipo na jambo la bei. Malori yapakiayo ndizi kwenda Mwanza na hata Dar es Salaam hununua mkungu kwa kuutazama tu, na mnunuzi ndiye mwenye jicho linalokubaliwa. Tamasha linaloitwa la kukuza kilimo na likose mizani ya kupimia ndizi sokoni litakuwa limewaburudisha wageni na kuwaacha wenyeji pale pale. Mizani moja katika kila soko la ndizi, iliyowekwa wakati wa tamasha na kuachwa hapo baada yake, ingezungumza na mkulima kwa lugha anayoielewa zaidi kuliko hotuba.

Na kabla ya kuruhusu mamia ya watu kuingia vibanjani, viongozi wa vijiji hawana budi kuweka sharti lisilo na upendeleo kwa mkubwa wala mdogo: hakuna kisu cha mgeni kitakachogusa mgomba, visu vya mwenyeji vipitishwe motoni mbele ya macho ya watu, kibanja chenye dalili za unyanjano kisipokee mtu, na hakuna chipukizi litakalotolewa zawadi kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, hata kama anayeliomba ni waziri. Atakaye mbegu aagize Maruku, ambako hupatikana miche iliyohakikiwa.