Kujitenga, Kutengwa, Kutengewa

Kila mpangaji wa Kibera au Kawangware amewahi kuulizwa, "Nyumbani ni wapi?" na ni nadra umsikie akijibu Gatwekera, Laini Saba au Gatina. Atakwambia Siaya, Vihiga, Machakos. Anapolala ni kwa nyumba, au keja kwa wanaosema Sheng. Nyumbani ni kule walikozikwa wazee wake. (Wanubi wa Makina, ndani ya Kibera, watajibu vingine. Jina Kibera limetokana na Kibra, neno lao lenye maana ya msitu, na makaburi yao yako papo hapo.)

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini. Haukupita muda, redio zikajaa "kaa nyumbani". Tarehe 6 Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi ukafungwa, ukaja kufunguliwa Julai. Mpangaji akawa ameamriwa kukaa nyumbani na papo hapo amezuiwa kwenda nyumbani. Aliyefiwa Vihiga miezi hiyo alifuata mazishi kwa simu. Kwa Mluhya au Mjaluo, kutomtupia mama yako udongo ni kukosekana mahali ambapo ukoo huhesabu watu wake, na hilo halisahauliki. Ukitaka kuupima upweke wa mtu huyu kwa kumuuliza amekaa siku ngapi bila watu, hutaupata. Watu hakuwakosa: choo ni cha ploti nzima, bomba ni la foleni. Alichotengwa nacho ni kaburi.

Agizo la kukaa mbali na wenzako lilitujia kutoka Kiingereza, na wengi wakalitafsiri neno kwa neno: umbali wa kijamii. Lakini jamii ni neno la mkusanyiko. Limetoka mzizi mmoja wa Kiarabu na jamaa, jumuiya na Ijumaa. Machi hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianza kusema umbali wa kimwili, kwa kuwa watu walipaswa kuachana miili tu, si kuachana wao. "Kutokaribiana" lilikuwa neno la adabu zaidi, na vijana wa mtaa, waliokuwa wakisalimiana kwa gota tangu zamani, walilielewa bila shida.

Neno lililoumiza ni kujitenga. Katika Kiswahili cha kila siku, "anajitenga" ni lawama. Husemwa juu ya jirani anayepita bombani bila salamu, asiyeingia chama, asiyechanga mtu akifiwa. Neno lile lile likageuzwa ghafla kuwa wajibu wa raia mwema. Juni 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwahudumia nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali, nao ulitaka mgonjwa awe na chumba chake chenye hewa. Chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, chenye pazia linalogawa kitanda na jiko, hakina pa kukiweka kile kiambishi -ji-. Mtu hujitenga akiwa na mahali pa kujitengea.

Nalo "kuwekwa karantini" lilichafuka mapema. Wafugaji walilijua kwa ng'ombe, ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia. Aprili 2020 baadhi ya waliokamatwa kwa kukiuka kafyu walipelekwa karantini siku 14, na kwa muda watu walidaiwa gharama ya kukaa humo, hadi serikali ilipokubali mwezi wa Mei kuibeba katika vituo vyake. Kwa nini basi tushangae kwamba mama mwenye kikohozi alikificha? Neno la tiba lilikuwa limefanywa neno la adhabu.

Na kuna kutengwa kusikohitaji amri. Kawangware imepakana na Lavington. Mama fua anayetembea asubuhi kwenda kutafuta nguo za kufua alifika kwenye geti alilolizoea, akasimamishwa na askari wa geti, kijana wa mtaa wake mwenyewe: "Mama, wamesema usije kwanza." Korona ilikuja Kenya kwa ndege, naye hajapanda ndege. Bado ndiye aliyeogopwa, kwa sababu ya anakotoka. Hapa Kiswahili kina kauli ya kutendwa iliyo kamili, naye mtendaji hatajwi: ametengwa.

Ila kitenzi hiki kina tawi jingine, na ndilo ninalolipenda. Kutengewa. Shule hutengewa bajeti. Mgeni aliyechelewa hutengewa chakula. Nairobi tunasema zaidi "kuwekewa": "Mama Otis, nimekuwekea uji hapa mlangoni." Tazama vitenzi vilivyo ndani ya maneno haya mawili: ni tenga ile ile, ni weka ile ile ya karantini. Silabi moja tu inaongezwa, na aliyetolewa kando amekuwa aliyekumbukwa.

Istilahi za janga zitakapotungwa tena, natamani zitungwe kwa kauli hiyo. Mgonjwa atengewe chumba, awekewe maji, apelekewe unga, achangiwe kodi. Maneno haya si ya upole tu. Yanauliza swali ambalo "jitenge" halikuuliza, yaani nani atafanya. Landilodi mwenye chumba kitupu, chama chenye akiba, kanisa lenye ukumbi, na Kaunti ya Nairobi, ambayo bado haijafikisha maji safi kwenye kila ploti.