Artemi katika Ituri: Jina la Kigiriki na Lugha ya Operesheni za Kijeshi katika Maziwa Makuu

Tarehe 12 Juni 2003 Umoja wa Ulaya ulianzisha katika mji wa Bunia, Ituri, operesheni yake ya kwanza ya kijeshi nje ya bara la Ulaya. Iliitwa Artemis. Mwezi mmoja kabla, majeshi ya Uganda yalikuwa yameondoka mjini humo, mapigano ya wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu yakaua mamia ya raia, na kikosi kidogo cha Umoja wa Mataifa kikashindwa kuyazuia. Azimio namba 1484 la Baraza la Usalama, la tarehe 30 Mei, liliruhusu kikosi cha dharura. Askari wengi walikuwa Wafaransa, kambi yao ya nyuma ikiwa Entebbe. Historia ya kijeshi ya tukio hilo imeandikwa sana. Jina lake limepita bila kuulizwa.

Artemi ni binti wa Zeu na Leto, pacha wa Apolo, mungu wa uwindaji wa Wagiriki wa kale. Makazi yake ni misitu na milima, mbali na miji. Ni mlinzi wa wanyama wachanga, wa wasichana na wa wanawake wanaojifungua. Lakini pia ndiye aliyewafuma kwa mishale mabinti wa Niobe, na ndiye aliyedai binti wa Agamemnoni atolewe kafara ili merikebu zipate upepo. Asili ya jina lenyewe haijaafikiwa na wanaisimu. Plato, katika Kratilo, alilihusisha na neno artemes, yaani mzima, asiye na dosari. Wengine walilinasibisha na artamos, mchinjaji. Haidhaniwi kwamba waliolichagua jina hilo kwa ajili ya Bunia waliyapima maana hayo mawili. Huenda walitaka tu jina zuri ambalo kila taifa la Ulaya lingelitambua bila wivu wa lugha. Hapo ndipo penye hoja: jina lilichaguliwa kwa ajili ya masikio ya Ulaya.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Artemi si mgeni kabisa. Yumo katika sura ya 19 ya Matendo ya Mitume, na tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ilifuata Kigiriki na kumwita Artemi, ilhali Biblia ya Kifaransa ya Segond humwita Diane, kwa jina lake la Kirumi. Kwa hiyo Mkristo wa Bunia aliyeisoma sura hiyo kwa Kiswahili aliweza kulitambua jina kuliko jirani yake aliyeisoma kwa Kifaransa. Angelitambua, hata hivyo, kama jina la sanamu ya Efeso ambayo wafua fedha waliitetea kwa ghasia kwa sababu iliwapatia mapato. Katika Ituri, nchi ya dhahabu, kumbukumbu hiyo haikuwa njema.

Wafaransa walikuwa na jina lao wenyewe kwa mchango wao: Mamba. Katika Kifaransa neno hilo ni la nyoka mwenye sumu. Mswahili akilisikia humwona mnyama wa mtoni mwenye magamba. Operesheni moja, majina mawili, na hakuna hata moja lililofika kwa raia likiwa na maana iliyokusudiwa.

Kinachogusa zaidi ni mahali. Mamlaka ya kikosi yalihusu mji wa Bunia, uwanja wake wa ndege na kambi za wakimbizi wa ndani. Mjini silaha zilikomeshwa barabarani na watu wakaanza kurejea. Nje ya mji, vijijini na vichakani, mauaji yaliendelea hadi operesheni ilipofungwa tarehe 1 Septemba na brigedi ya Umoja wa Mataifa ikashika nafasi. Mungu wa porini alibaki mjini. Mtu anayejua maana ya jina angeweza kuuliza: mbona Artemi hafiki msituni? Swali hilo halikuwezekana Bunia, kwa kuwa jina halikuwa la lugha ya Bunia.

Umoja wa Ulaya haukuacha desturi hiyo. Desemba 2008 ulituma manowari kwenye pwani ya Somalia kwa jina la Atalanta, mwindaji mwingine wa kike, mtoto aliyetupwa na kunyonyeshwa na dubu.

Wiki chache baadaye mambo yalikuwa tofauti katika Kivu. Tarehe 20 Januari 2009 askari wa Rwanda waliingia Kongo kuwafuata waasi wa FDLR pamoja na jeshi la nchi hiyo, katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Ilihitimishwa Goma tarehe 25 Februari. Jina hili halikuhitaji mkalimani upande wowote wa mpaka: Gisenyi, kuanzia Nengo hadi forodhani, Kiswahili ni lugha ya soko kama ilivyo Goma. Ndiyo maana liliweza kuhojiwa. Kiambishi cha umilikishi katika "wetu" kinadai mwenyewe: sisi akina nani? Majeshi mawili, serikali mbili, au na wanakijiji waliokimbia makwao? Operesheni zilizofuata zilijiweka katika hatari hiyo hiyo. Kimia, kwa Kilingala, ni utulivu. Amani Leo, ya mwaka 2010, ilitaja hata siku. Ahadi iliyotolewa kwa lugha ya anayeahidiwa humpa kipimo cha kumpimia mtoaji wake, na Amani Leo ilipimwa kila jioni ambayo amani haikuonekana.

Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ipo pia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Majina ya vikosi yangefaa kuwekwa mezani pake kabla ya kutangazwa, pamoja na swali la nani atayasikia. Ituri yenyewe, tangu Novemba 2021, ina operesheni ya Uganda na Kongo iitwayo Shujaa, na wakazi wake hawahitaji kamusi ili kuamua kama jina hilo linastahili.